Mbwa wa Baba na Fisi Maji

Baba alipofariki aliacha shamba la kahawa, nyumba ya bati na mbwa watatu wa kuwinda. Kahawa waligawana kaka zangu. Nyumba alibaki nayo mama. Mbwa hakuna aliyewataka, mpaka siku niliyosema nawachukua mimi. Hapo ndipo kila mtu alipogundua kwamba mbwa wale walikuwa mali.

"Mwanamke hafugi mbwa wa kuwinda," alisema baba mdogo mbele ya watu waliokuja kumaliza msiba. "Nani atakuja kukuoa na kundi la mbwa mlangoni?"

"Baba mdogo, niliolewa Tunduma nikarudi," nikamjibu. "Sikurudishwa na mbwa."

Wanawake waliokuwa wakisugua masufuria waliinamisha vichwa ili wasionekane wakicheka. Baba mdogo alinitazama kama mtu aliyekanyagwa kidole. Lakini mimi nilikuwa nimekaa Tunduma miaka mingi nikiuza chakula kwa madereva wa malori wanaosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde. Ukishazoea kumjibu dereva mwenye njaa, ambaye foleni imemkalisha tangu juzi na wali umekwisha, huwezi tena kuogopa kikao cha ukoo.

Nikawachukua. Mmoja alikuwa dume jekundu, kifua kipana, kipenzi cha baba. Wa pili alikuwa jike la kijivu lenye sikio lililochanika, mbwa asiyebweka ovyo. Wa tatu alikuwa dume jeusi, bado kijana, mwingi wa haraka na mchache wa akili. Niliwajengea kibanda nyuma ya jiko nikaanza kwenda nao bondeni.

Kwetu Isansa kahawa iko juu, na bondeni, kando ya mto, tunalima mahindi ya kiangazi na maharage. Adui wa bondeni ni ndezi. Kwa asiyemjua, ndezi ni mnyama wa jamii ya panya, mnene kuliko sungura, anayekata bua la mahindi kana kwamba ana panga mdomoni. Anajificha kwenye matete, na bila mbwa hutamwona, utaona kazi yake tu asubuhi. Nyama yake ni tamu. Baba alikuwa akisema Mungu alimwadhibu mkulima kwa kumletea ndezi, halafu akamwonea huruma akamtia ndezi mafuta.

Msimu wa kwanza watu walicheka. Walisema mjane wa mume aliye hai anakimbizana na panya. Sikuwajibu. Shamba langu lilisimama zima, na harufu ya ndezi kwenye sufuria yangu ilivuka ua kwenda kuwajibu yenyewe.

Msimu uliofuata alinijia mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaofuga samaki. Ni mzee wa kanisa, mwanamke mrefu mwenye sauti inayofika mbali bila yeye kuitafuta. Kabla ya hapo tulikuwa tumezungumza mara moja tu kuhusu mbwa wangu, alipokuja kunitaka nisipite nao mbele ya kanisa siku ya ibada. Safari hii alikaa kwenye kigoda changu, akakubali chai, akazunguka kidogo kwa habari za mvua, kisha akasema:

"Dada, kuna kitu kinatumalizia perege."

"Mtu?"

"Mtu angekula na kichwa. Hiki kinaacha vichwa pembeni ya bwawa."

Tulikwenda asubuhi, jua likiwa limeshatoka. Mabwawa yao yalikuwa mazuri, yamechimbwa kwa majembe ya wanawake wenyewe, maji yanaingia kwa mfereji kutoka mtoni. Ukingoni kulikuwa na vichwa vya samaki, na juu ya jiwe kulikuwa na kinyesi kilichojaa magamba na vipande vya ganda la kaa. Nikajua. Fisi maji. Nilikuwa sijapata kumwona kwa karibu, lakini baba alinionyesha alama zake tangu nikiwa mdogo. Jina lake linadanganya, maana hana undugu wowote na fisi. Ni mnyama mrefu, manyoya ya hudhurungi yanayong'aa, mkia mnene, na majini anapita kama mafuta.

Sikuwa na nia ya kumuua. Nilitaka kumfukuza tu ajue bwawa lina wenyewe. Lakini mbwa wa kuwinda humwelezi nia. Jike alinusa jiwe, nywele za mgongo zikasimama, na kabla sijaita, wote watatu walikuwa wameshika mfereji kuelekea mtoni.

Tulikimbia nyuma yao, mimi na mwenyekiti na wenzake wachache, vitenge vimekazwa kiunoni. Tulipofika, fisi maji alikuwa juu ya mchanga upande wetu, mbwa wamemzingira nusu. Nchi kavu alionekana mzito, anakimbia kwa kupindapinda mgongo. Nilidhani amekwisha. Kisha akajitupa kwenye lindi, pale mto unapopinda na maji kusimama meusi, na dume jekundu akajitupa nyuma yake.

Baba alikuwa na msemo kuhusu jambo hili. Nchi kavu, alisema, mbwa ana miguu minne na meno. Majini ana pua tu. Siku ile niliuona msemo huo kwa macho yangu.

Fisi maji hakukimbia. Hilo ndilo ambalo watu hawalisadiki nikiwaambia. Mto ulikuwa wazi mbele yake, angeweza kwenda hadi akatoweka. Alizama, akapotea, maji yakatulia. Dume jekundu akabaki akiogelea katikati ya lindi, kichwa juu, anageuka huku na huku akimtafuta. Kumbe aliyekuwa akitafutwa ni yeye. Nilimwona akishtuka, kama mtu aliyevutwa kanzu kutoka nyuma, akaenda chini. Akaibuka akikohoa. Fisi maji akapanda juu ya kichwa chake, akakumbatia shingo kwa mikono, akamkalia kwa uzito wake wote. Mbwa wangu alifungua mdomo ili aume, na mdomo ule ule ndio uliompitishia maji.

Nikapuliza pembe ya baba ya kuwaitia mbwa, niliyokuwa nimeining'iniza shingoni. Nikaita kwa jina. Nikatupa mawe. Dume jekundu, ambaye aliwahi kumtoa nguruwe pori kwenye shimo, alizama mbele ya macho yetu bila hata kulia. Hakuibuka.

Jike alikuwa ameshaingia. Dume jeusi lilikuwa limebaki kwenye mchanga likibweka kwa woga, na kwa mara ya kwanza nilishukuru kwa woga wake. Jike aliogelea hadi pale mwenzake alipozama, akazunguka, kisha nikaona hasogei tena. Kamba ya shingoni ilikuwa imenasa kwenye mzizi wa mti ulioinamia mto. Alikuwa anapiga maji kwa miguu yote na haendi popote, na duara la mapovu lilikuwa linamkaribia.

Nikavua viatu.

"Usiingie!" mwenyekiti akapaza sauti. "Ni mbwa tu huyo!"

Neno hilo "tu" ndilo lililoniingiza majini. Lilinipandisha hasira ambayo sijui nilikuwa nimeiweka wapi tangu siku ya kumaliza msiba. Mimi si mwogeleaji. Nilishika matawi, nikajivuta, maji yakafika kifuani, yakafika kidevuni. Nyuma yangu nilisikia mwenyekiti akifoka, si kwangu tena: "Leteni vitenge! Fungeni! Fungeni, mnatazama nini?" Kitu kikanigusa begani. Ilikuwa ni ncha ya vitenge walivyounganisha, nikajizungushia mkononi.

Nilimfikia jike nikamshika ngozi ya shingo. Kamba ilikuwa imekaza, maji yameivimbisha, vidole havifui dafu. Nikachomoa kisu cha kiunoni. Wakati naikata, fisi maji alikuja. Sikumwona, nilimsikia kwenye mkono, maumivu kama ya nyama kubanwa na mlango. Nikapiga kelele ambayo nadhani ilifika Mbozi yote. Kamba ikakatika. Akina mama wakavuta, na mzee wa kanisa ndiye aliyekuwa mbele kabisa, maji magotini, amejizungushia kitenge mgongoni kama mtu anayevuta ng'ombe shimoni.

Tulilala kwenye mchanga, mimi na jike. Alikuwa hapumui vizuri. Nikamwinua miguu ya nyuma kichwa kikiangalia chini, maji yakamtoka puani na mdomoni, akatapika, akakohoa, akavuta pumzi. Mwenyekiti alinifunga mkono kwa kilemba chake cha kanisani.

"Mwanamke wewe," akasema, "una wazimu."

"Ninao," nikasema. "Mkono unaniuma."

Kwenye zahanati, muuguzi aliniuliza mbwa gani aliniuma. Nikamwambia si mbwa, ni fisi maji. Akaandika fisi. Nikamwambia fisi maji. Akauliza kama fisi huyo alikuwa na maji. Mwishowe alicheka, akasafisha jeraha, akaniambia mnyama wa porini ni mnyama wa porini, chanjo ya kichaa cha mbwa lazima. Nilichomwa sindano, na kwa wiki kadhaa nikawa narudi kuchomwa tena. Alama ya meno bado ninayo, mstari wa vidoa chini ya kiwiko.

Jike alinitisha zaidi baadaye kuliko siku yenyewe. Nilidhani ametoka majini amepona. Kesho yake akaanza kukohoa, akakataa ugali, mbavu zikawa zinapanda na kushuka upesi. Bwana mifugo alikuja kwa pikipiki, akamsikiliza kifua, akasema maji yameingia kwenye mapafu na sasa ni homa. Alimchoma dawa na kuniagiza nimweke mahali pakavu penye joto. Nikamwingiza ndani, jikoni, kando ya mafiga. Mama alisimama mlangoni akamtazama mbwa amelala palipokuwa kiti chake.

"Baba yako hakuwahi kumwingiza mbwa ndani," akasema.

"Baba hakuwahi kuwa na mbwa aliyeponea chupuchupu."

Jioni nilimkuta mama amemfunika kwa gunia la kahawa.

Mwili wa dume jekundu ulitokea chini ya mto baada ya siku kadhaa. Nilimzika kwenye kona ya shamba la bondeni, na sikuona haya kulia. Msiba wa mbwa hauna wageni, unalia peke yako na jembe lako.

Baba mdogo alikuja na maneno yake. Alisema nimeona sasa. Alisema mbwa wanajua mkono wa mwanaume, wakishikwa na mwanamke wanapoteza adabu. Alisema angewachukua waliobaki kwa ajili ya kuniondolea taabu.

"Baba mdogo, fisi maji hakumuuliza mbwa analishwa na nani."

"Unajibu sana, mwanangu."

"Najibu ninachoulizwa."

Wiki hiyo hiyo ukaitishwa mkutano wa kitongoji kuhusu samaki. Mwanaume mmoja mwenye shamba karibu na mabwawa alikuja na wazo lake tayari: perege wachache watiwe sumu ya wadudu wa kahawa, waachwe ukingoni, fisi maji ale afe. Watu wengi wakatikisa kichwa kukubali. Mtu akaongeza kwamba mimi ndiye ningepaswa kufurahi kuliko wote, kwa kuwa mbwa wangu ndiye aliyeuawa.

Nikasimama. Mkono ulikuwa bado kwenye bandeji.

"Mbwa wangu aliingia nyumbani kwa mtu," nikasema, "akapigwa. Nimeumia, na kuumia kwangu ni kwangu, msikutumie. Samaki mwenye sumu hachagui mlaji. Kunguru atamla, mbwa atamla, mtoto anayetoka shule na njaa atamla. Na maji yale yale mnayowekea sumu ndiyo tunayochota. Mkiweka, mimi nitakwenda kuwaokota asubuhi hadharani, mmoja mmoja, na nitamwambia kila mtu ni nani kawaweka."

Pakachafuka. Mtu mmoja akaniambia nikae. Nikakataa kukaa. Mwanaume yule akauliza basi tufanye nini, tumwimbie fisi maji nyimbo? Hapo mwenyekiti wa kikundi akasimama kando yangu. Alisema kikundi kitazungushia mabwawa wavu wa waya, na kwamba mabwawa ni ya akina mama, kwa hiyo sumu ya mtu mwingine haina ruhusa pale. Mtendaji wa kijiji akakumbusha kwamba yule ni mnyama wa serikali. Mkutano ukafungwa kwa manung'uniko. Sumu haikuwekwa.

Tukachimbia wavu chini ya ardhi ili asipite kwa kufukua. Na mimi nikaanza kuwafundisha mbwa wangu upya. Tangu siku ya lindi hawavai kamba shingoni wakiwa kazini. Kila asubuhi niliwapeleka mtoni, nikatupa mfupa karibu na maji, wakaukimbilia, nikapuliza pembe. Anayegeuka anapata utumbo wa kuku. Asiyegeuka hapati kitu, na anamtazama mwenzake akila. Jike alielewa upesi, yeye alikuwa na sababu. Dume jeusi lilinisumbua mno. Liligeuka siku moja, siku mbili likasahau. Vijana walipita wakisema, "Mama anawapigisha mbwa paredi." Niliwaambia wakitaka kujiunga utumbo upo wa kutosha.

Kiangazi kilipokolea, baba mdogo alirudi akiwa na wanaume wengine. Walikuwa wanajipanga kwenda kuwinda Msangano, kwa shemeji yake, kando ya Mto Momba. Alikuja kumtaka jike. Habari zake zilikuwa zimeenea: mbwa aliyepigana na fisi maji akatoka.

"Haendi," nikasema.

"Nimekwambia naazima, sijasema nachukua."

"Nimeelewa, baba mdogo. Haendi. Momba ina mamba. Mbwa akikimbiza mnyama hadi ukingoni, mamba anasubiri yeyote atakayeinama. Wangu anageuka akisikia pembe yangu, hajui mluzi wako."

Wenzake walikuwa wanasikia. Niliona shingo yake ikijaa.

"Unanikatalia mimi? Mdogo wa baba yako?"

"Nakukatalia kwa heshima zote. Karibuni chai."

Hawakunywa chai. Aliondoka akisema maneno ambayo sitayaandika, akachukua mbwa wake mwenyewe, dume zuri la manjano alilolilea tangu halijafumbua macho. Ukoo mzima ulipata habari kabla ya chakula cha mchana. Shangazi mmoja alinipigia simu kutoka Vwawa kuniambia nimemvunjia mzee heshima na niende kumwomba radhi. Nikamwambia nitaomba radhi kwa lolote atakalonionyesha nililokosea, na kukataa si kosa. Akakata simu.

Walirudi kutoka Msangano na nyama kidogo. Dume la manjano halikuwa nao. Mmoja wao ndiye aliyenisimulia: paa alivuka sehemu ya maji mafupi, mbwa akafuata, maji yalikuwa hayafiki hata tumboni. Halafu hakukuwa na mbwa. Hata sauti hawakusikia. Walisubiri ng'ambo hii wakipiga mluzi mpaka wakaona aibu.

Nilikwenda nyumbani kwa baba mdogo na chupa ya chai. Watu walidhani nimekwenda kumsimanga. Alikuwa ameketi nje anachonga mpini ambao ulikuwa umeshanyooka. Nikammiminia. Tulikaa.

"Alikuwa analala miguuni pangu," akasema hatimaye.

"Pole, baba."

Ningeweza kuongeza mengi, nilikuwa nayo yote mdomoni, yamepangika. Lakini nilijua kilio cha mbwa kilivyo, na sikutaka alie peke yake kama nilivyolia mimi. Hakuniomba radhi, wala sikuitaka. Alipomaliza kikombe alikisukuma mbele nikamwongeza.

Jike amezaa tangu hapo. Wanaokuja kutaka watoto wake ni wengi, na nina masharti, na wapo waliogeuka njiani wakisema najifanya serikali. Waende. Mtoto wa mbwa simtoi kwa mtu anayeniambia "ni mbwa tu". Baba mdogo alikuja pia, akasimama mbali kidogo na kibanda, akauliza kama yule mtoto wa manjano ameshapata mwenyewe. Nikamwambia bado, ila atamchukua akishajua pembe, na yeye mwenyewe itabidi aje kujifunza kuipuliza. Alisaga meno. Akaja. Anapuliza vibaya, kama ng'ombe mwenye mafua, lakini anakuja.

Fisi maji bado yupo kwenye lindi. Namwona asubuhi nyingine amelala chali juu ya maji anavunja kaa kifuani. Simpendi. Ila wavu unamzuia, na mto ni wake.

Kiangazi hiki akina mama wa kikundi wameanza kushuka nami bondeni kuwinda ndezi. Wengine wana fimbo, wengine mapanga, mwenyekiti ana rungu la marehemu mume wake. Majuzi tulipita mbele ya kilabu cha pombe, tumejipanga, mbwa mbele, na mwanaume mmoja akauliza kwa sauti ni lini wanawake wa Isansa waligeuka kuwa wawindaji na nani amewaruhusu. Nilikuwa nimeandaa jibu. Lakini jike alikuwa ameshainua pua kuelekea kwenye matete, mkia umekaza, na mwenyekiti akanishika bega akasema, "Twende, dada, asije akatutoroka," tukamwacha yule mtu na swali lake, tukakimbia.